Si kila uchafu ukeni ni fangasi

Tunduma ni mji wa pilikapilika. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Pembeni mwa foleni hiyo wanawake wa Songwe huuza mchele, vitenge na chakula tangu alfajiri. Mama wa hapa akiumwa kichwa, jirani wa kibanda cha pili atajua. Akitokwa uchafu ukeni hunyamaza, husubiri watu wapungue, kisha huingia duka la dawa na kunong'ona neno moja: "Fangasi."

Neno hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Kwanza, si kila majimaji ni ugonjwa. Ute mweupe au usio na rangi, usiowasha wala kunuka, ni wa kawaida, na huongezeka katikati ya mzunguko wa hedhi na wakati wa ujauzito.

Fangasi wenyewe huleta muwasho mkali na uchafu mzito kama maziwa ya mgando. Huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari na waliotoka kutumia antibaotiki. Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo la samaki kwa kawaida hutokana na bakteria wa ukeni kuvurugika, na dawa ya fangasi haiwatibu. Uchafu wa njano au kijani wenye povu huweza kuwa trikomona, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana.

Kisonono na klamidia ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Zikiachwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuleta yale ambayo wengi huyaita PID: maumivu chini ya kitovu, mimba kutunga nje ya kizazi, hata ugumba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa methali hiyo ni kweli tupu.

Wapo wanaojiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za kuua vijidudu. Hiyo huwaua bakteria walinzi na kuzidisha tatizo. Uke hujisafisha wenyewe. Maji safi kwa nje yanatosha.

Tena kuna suala la baba. Ugonjwa ukiwa wa zinaa, kumtibu mke huku mume akiendelea na safari zake bila dawa ni kutwanga maji kwenye kinu. Watibiwe wote wawili, na wasikutane kimwili hadi wamalize dozi na mhudumu awaruhusu.

Uchafu wenye damu, au damu baada ya tendo la ndoa, usisubiri hata wiki. Huweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uchunguzi wake kwa kutumia siki huchukua dakika chache. Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Mama akifika zahanati, aseme mambo manne bila aibu: rangi, harufu, siku ngapi, na kama mwenza ana dalili. Mhudumu ameyasikia mara nyingi. Na binti aliyevunja ungo ayasikie nyumbani kwanza, kabla hajajifunza kunong'ona.