Kila Umri na Macho Yake

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ni kweli. Lakini katika miaka yangu 76 nimejifunza kwamba yapo mambo ambayo mtu hayaoni kwa sababu tu hajafikia umri wa kuyaona. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 40, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi katika mkoa wetu wa Singida. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto: anavyokua, anavyofikiri akiwa na miaka saba, anavyobadilika akibalehe. Hapo somo likaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu mzima naye angali anakua, wala kwamba mzee naye yumo safarini. Hilo nilifundishwa na baba yangu, ambaye hakujua kusoma, na alinifundisha miaka minane baada ya kufariki.

Baba alizaliwa wakati Wajerumani wangali katika boma lao la Mkalama. Alikuwa mkulima wa mtama, uwele na pamba kidogo, na mchungaji hodari wa mbuzi. Kila msimu wa kuuza pamba alisimama mbele ya karani wa mizani, akasomewa uzito na fedha zake, kisha akachovya dole gumba kwenye wino na kuligandamiza kwenye karatasi. Aliporudi nyumbani alikuwa akilitazama lile dole kwa muda, kama mtu anayejiuliza limekubali nini.

Mwaka 1963, nikiwa na miaka 14, nilikuwa katika shule ya kati ya bweni. Siku moja baba alitembea tangu alfajiri kuniletea ada. Alifika saa za alasiri akiwa amevaa katambuga, vumbi limempanda hadi magotini, fedha zimefungwa kwenye kitambaa. Wenzangu wakaniuliza, "Nani yule?" Nikawajibu, "Mtu wa kijijini kwetu." Sijui kama alisikia. Alinikabidhi ada, akaniuliza kama ninakula vizuri, akaondoka jioni ile ile.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa jambo hilo, hata nikajiona mtoto aliyelaaniwa. Baadaye, nilipokuwa nimeshawapokea mamia ya wazazi ofisini kwangu, niliona kwamba barobaro wengi hupita katika tundu hilo hilo. Nimeona wasichana wakijificha nyuma ya choo mama zao wanapokuja na kuni kichwani. Kijana wa umri ule huishi ndani ya macho ya wenzake. Wataalamu wa siku hizi wanaeleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo ya jambo kabla ya kutendwa, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Hiyo si ruhusa ya utovu wa adabu, ila inatusaidia kutofautisha ubaya na ubichi.

Kosa langu la pili halikuwa la ubichi. Nilihitimu ualimu mwaka 1969. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa hesabu za mwaka 1967 zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika, na sisi walimu vijana tuliipokea kazi hiyo kama vita. Mchana tulifundisha watoto, na jioni tukawasha karabai tukafundisha wazazi wao katika madawati yale yale, magoti yao yakigonga mbao.

Mwaka 1972 nilihamishiwa shule ya karibu na kwetu, na baba akajiandikisha darasani kwangu. Alikuwa na umri wa kama miaka 60, mimi nilikuwa na 23. Nyumbani aliniita mwanangu, lakini akishavuka mlango wa darasa aliniita Mwalimu, na nilipomwuliza swali alisimama. Nilijivuna sana.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuendelea. Wenzake wenye umri wa miaka 30 walianza kusoma maneno, naye angali anachanganya "m" na "n", "b" na "d". Isitoshe, alikuwa na tabia iliyoniudhi: alikishika kitabu mbali kabisa na uso, mkono umenyooka kama anayetaka kumpa mtu mwingine, kisha anarudisha kichwa nyuma. Niliona ni dharau au woga wa kitabu. Mara kwa mara nilimsogezea kitabu karibu, na kila nilipogeuka alikirudisha kule kule.

Usiku mmoja uvumilivu ukaniisha. Nikasema mbele ya darasa zima, "Mzee, hata watoto wa darasa la kwanza wameshapita hapa." Watu wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, akakifunga kitabu taratibu, akakaa. Kesho yake hakuja. Nilipomwuliza nyumbani alisema, "Mbuzi wamekuwa wasumbufu siku hizi, mwanangu." Hakurudi tena darasani. Nami, kwa kuwa nilikuwa mtumishi mwaminifu wa daftari la mahudhurio, niliandika mbele ya jina lake neno moja: mtoro.

Mitihani ya taifa ya kusoma na kuandika ilianza mwaka 1975, na ilipofika mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Yalikuwa mafanikio makubwa, na sitaki mtu ayadharau. Lakini baba yangu, mzazi wa mwalimu, alifariki mwaka huo huo akiwa miongoni mwa wale waliobaki. Karatasi yake ya mwisho aliipiga dole gumba.

Sasa sikiliza yaliyonipata mwaka 1994. Nilikuwa na miaka 45, na mambo ya ajabu yakaanza. Ratiba ya masomo niliyoiandika mwenyewe ilikuwa na ukungu. Nikalaumu wino, nikalaumu taa, nikamlaumu na mpiga chapa. Mtaalamu wa macho alipopita wilayani nikaenda kupima. Akanipa kitabu nisome. Nikakinyoosha mbali, nikarudisha kichwa nyuma.

Akatabasamu. Akanieleza kwamba ndani ya jicho imo lenzi laini inayojibana ili tuone vya karibu, na lenzi hiyo huanza kuwa ngumu. Mtu akifika miaka 40 na kitu huanza kuona taabu ya kusoma herufi ndogo, na akifika 60 bila miwani hawezi kabisa kuziona zikiwa karibu. Si ugonjwa wala uzembe, ni umri. Vya mbali anaweza kuviona vizuri kabisa. Ndipo nikakumbuka kwamba baba aliweza kumhesabu mbuzi mmoja mmoja akiwa ng'ambo ya bonde.

Nilitoka nje na miwani yangu mipya, nikakaa juu ya jiwe, maana huku kwetu mawe hayakosekani. Kila usiku nilikuwa nikimsogezea kitabu karibu, mahali ambapo herufi zilimtoweka. Yeye kwa akili yake alikuwa amegundua dawa, yaani mkono mrefu, nami mwalimu wake nikaikataza. Sikuweza kumwomba radhi, kwa kuwa alipokuwa hai sikujua kwamba nimemkosea.

Baadaye nilisoma habari za Erik Erikson, mtaalamu aliyegawa maisha ya binadamu katika hatua nane, tangu uchanga hadi uzee, katika kitabu kilichotoka mwaka 1950. Alisema ujana ni wakati wa kujitafuta mtu ni nani, utu uzima ni wakati wa kulea wanaofuata, na uzee ni wakati wa kuyatazama maisha na kuyakubali au kuyajutia. Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya baadaye. Alipoyaandika hayo hakuwa amefika miaka 50. Alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 91, na mwaka 1997 mkewe, Joan, akaongeza hatua ya tisa, ile ya ukongwe wenyewe. Bingwa wa umri naye hakuweza kuuona uzee wote kabla ya kuufikia. Nilipata nafuu kidogo.

Kutowaelewa wa umri mwingine si jambo dogo. Katika mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa, bibi wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kisa macho yao ni mekundu. Moshi wa kuni wa miaka 50 jikoni, wakiwapikia watu hao hao, ndio uliowatia wekundu. Vijana waliotazama macho yale hawakuuona moshi. Mimi sikuua mtu, lakini nilitazama mkono ulionyooka nikaona utoro.

Sasa zamu ni yangu. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kutaka laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, nilikwenda kwa wakala. Mimi niliyewafundisha wazazi wa vijiji vitatu kutia sahihi nikaambiwa, "Mzee, weka dole gumba." Nikaliweka. Mashine ikakataa. Jembe na chaki vilikuwa vimeusawazisha mstari mmoja baada ya mwingine. Tulijaribu vidole vingine hadi kimoja kikakubali, huku vijana nyuma yangu wakipumua kwa nguvu.

Na mwaka jana mjukuu wangu wa miaka 16 alikuwa akinifundisha kutuma pesa kwa simu, wadogo zake wamekaa wanatazama. Nikabonyeza pasipo. "Babu, si huko! Nimekuambia mara ngapi?" Wadogo zake wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Basi, tutaendelea kesho, niwaangalie mbuzi kwanza."

Nikanyamaza. Mbuzi walikuwa zizini tangu jioni.

Nikakaa tena, nikamsimulia habari za babu yake mkubwa, karabai, kitabu na neno nililoliandika. Hakusema kitu. Aliichukua simu, akabonyeza hapa na pale, akanirudishia herufi zikiwa kubwa kama za ubao wa darasa la kwanza. "Jaribu sasa, Babu," akasema. Nikainyoosha simu mbali, mkono wote, na safari hii hakunisogezea.

Daftari lile la mwaka 1972 halipo tena, lilikwisha kuliwa na mchwa. Kama ningelipata ningelikata neno lile kwa wino mwekundu, kama tunavyokata kosa la mwanafunzi, na juu yake ningeandika: alihudhuria, mwalimu hakuona.