Nilikwenda Kampala kutafuta nyumba ya yaya yangu

Mimi ni mwalimu wa darasa la P.4 hapa Nakivale. Mwezi huu sitaandika juu ya masomo. Nitawaeleza safari niliyoifanya wakati wa likizo, kwa sababu tangu nirudi watu wananisimamisha njiani, kwenye bomba na hata kanisani: "Mwalimu, ni kweli ulikwenda Kampala? Tukitaka kuhamia huko na watoto, tukae wapi?" Basi nimeona afadhali niandike mara moja, kila mtu asome.

Mwanzo wa jambo ni yaya yangu, dada mkubwa. Yeye ni mjane, ana watoto watatu, na wa pili ana ugonjwa wa damu, ule tunaouita SS. Tangu mwaka wa 2023, mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi, kila mmoja wetu anajua hali ya nyumba yake. Yaya alifikiri miezi mingi, halafu akaniambia, "Mdogo wangu, huku tuna nyumba bila chakula. Kampala wanasema kuna kazi, lakini hakuna nyumba ya bure. Nenda uangalie kwa macho yako, maana mimi nikienda na watoto nikikosa, sina nauli ya kurudi." Alinipa pesa aliyouza mbuzi. Mbuzi alikuwa mmoja tu.

Kwanza jambo la sheria, maana wengine wanaogopa. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka wa 2006 inaturuhusu kutembea na kutafuta kazi ndani ya nchi. Lakini kuruhusiwa kutembea si sawa na kusaidiwa. Shamba na mgao viko huku kambini. Mkimbizi anayehamia mji anajitegemea: kodi, chakula, maji, yote ni mfuko wake. Kwa hiyo kabla hujafunga mizigo, pita kwanza kwenye ofisi ya Waziri Mkuu hapa Base Camp, uulize karatasi zako zitakuwaje na jina lako litabaki wapi.

Nilitoka alfajiri kupitia Isingiro mpaka Mbarara, na hapo nikapanda basi. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita kama 270. Kabla ya Lyantonde, kama macho yako hayajalala, unaweza kuona pundamilia wakila majani karibu na barabara, kama ng'ombe wa mtu. Lukaya wachuuzi wanakimbilia madirisha na kuku wa kuchoma. Pale Kayabwe unavuka Ikweta, na watu wanashuka kupiga picha. Mimi sikushuka, nilikuwa nashika mfuko wa pesa ya mbuzi. Halafu Mpigi, Busega, Nateete, na magari yanaanza kusimama. Kutoka hapo hata mtu wa miguu anaweza kupita basi.

Nilipokewa na mama mmoja wa Uvira, jirani yetu wa zamani, anayekaa Katwe. Analala na watoto wanne katika chumba kimoja, na bado alinipa kona. Mungu ambariki. Usiku ule, tukila ndagala na bugali, nilimwuliza, "Mama, pahali pazuri pa familia ni wapi?" Akacheka. "Mwanangu, usiulize pahali pazuri. Uliza mkate wako utatoka wapi, halafu utafute nyumba karibu na mkate."

Sikumwelewa. Nilimwelewa siku ya nne.

Siku ya kwanza niliangalia Katwe penyewe. Ni chini ya mji, karibu sana na soko na mapaki ya taksi. Huko watu wanagonga vyuma tangu asubuhi: majiko, milango, masanduku ya shule. Ndiko alikokulia Phiona Mutesi, yule msichana wa sataranji ambaye maisha yake yalitengenezwa filamu mwaka wa 2016. Wakongomani ni wengi, utasikia Kiswahili na Kinyabwisha kabla hujasikia Luganda. Uzuri wake ni kwamba mama anayeuza vitenge anatoka kwa miguu na kurudi kwa miguu. Ubaya wake nao niliuona. Sehemu nyingi ziko bondeni, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, na choo kimoja kinatumiwa na nyumba nyingi. Chumba kimoja, ambacho wao wanakiita muzigo, nilitajiwa shilingi 200,000 kwa mwezi.

Siku ya pili nilipatwa na aibu, nawaeleza ili ninyi msipatwe. Kijana mmoja komisyoneri, yaani dalali wa nyumba, aliniambia anajua nyumba nyingi za bei nafuu upande wa Makindye. Akaomba 20,000 ya "kufungua njia". Nikampa. Akanionyesha nyumba tatu: mbili zina watu ndani, ya tatu haina mlango. Baadaye simu yake haikupokea tena. Nilipomwambia mama wa Katwe, hakucheka safari hii. Akaniambia yeye mwaka wake wa kwanza alilipa kodi ya miezi mitatu kwa mtu ambaye kumbe naye alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba alipokuja, walitolewa nje na vyombo vyao. Ya kwangu ilikuwa ndogo, nikamshukuru Mungu.

Tangu siku ile nilibadilisha njia. Kila mtaa nilioingia, kwanza nilimtafuta mwenyekiti wa LC1, yaani mkubwa wa kijiji. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwonyesha karatasi yangu ya ukimbizi, nikamwuliza nani mwenye nyumba wa kweli na nani anasumbua wapangaji. Mwenyekiti anajua nyumba zote. Tena mgeni akihamia anatakiwa ajulishwe kwake, basi heri aanze naye.

Siku ya tatu nilikwenda Kansanga na Kabalagala. Ni pazuri kuangalia, maduka mengi, watu wa Eritrea na Sudan Kusini wengi, lakini bei yake kali na usiku muziki haulali. Kwa vijana wawili wanaofanya kazi huko, sawa. Kwa mama na watoto watatu, nilipita tu. Jioni nilishuka upande wa Namuwongo, karibu na reli na mfereji wa Nakivubo. Bei ni ya chini kweli. Lakini nilisimama pale mvua ikianza, nikaona mama mmoja anapandisha magodoro juu ya meza kabla tone la kumi halijaanguka. Amezoea. Nikamfikiria mtoto wetu wa SS, baridi ile na mbu wale, nikageuka.

Siku ya nne nilikwenda Masajja. Huko ni nje kidogo ya Kampala, tayari ni wilaya ya Wakiso, katikati ya barabara ya Entebbe na barabara ya Salaama. Kuna miinuko, kuna mabonde, kuna miti ya ndizi katikati ya nyumba. Wakongomani wapo, makanisa yao utayasikia. Kwenye mwinuko mmoja nilionyeshwa nyumba ya vyumba viwili, bomba liko ndani ya kiwanja, umeme wa yaka mnalipa kabla. Kodi 200,000, ileile ya chumba kimoja cha Katwe! Nikafurahi, nikataka kumpigia yaya palepale.

Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikakaa chini ya mti nikatoa daftari. Wasomaji, fuateni hesabu hii, hata kama bei zenu zitakuwa nyingine.

Katwe: kodi 200,000. Maji, bidoni moja 300, bidoni sita kwa siku, ni 1,800, kwa mwezi 54,000. Nauli ya kwenda kazini, sifuri. Jumla 254,000.

Masajja: kodi 200,000. Maji, bidoni moja 100, bidoni sita, ni 600, kwa mwezi 18,000. Nauli ya taksi kwenda mjini na kurudi 4,000, kwa siku 26 za kazi ni 104,000. Jumla 322,000.

Mnaona? Nyumba iliyoonekana nafuu inazidi ile nyingine kwa 68,000. Pesa yote inaingia kwenye taksi. Hapo ndipo nilielewa neno la mama wa Katwe. Anayeuza vitenge mjini kila siku asikae Masajja, ataifanyia kazi nauli.

Basi nikajiuliza, yaya yangu mkate wake uko wapi? Yaya ni fundi wa kushona. Cherehani yake iko, tena nzima. Fundi hafuati wateja mjini, wateja wanamfuata kibarazani. Mjini atakwenda mara moja kwa wiki kununua uzi na vitambaa. Nikafuta 104,000, nikaandika mara nne kwa 4,000, yaani 16,000. Jumla mpya 234,000, na vyumba ni viwili, na maji hayaingii ndani. Nyumba ni ileile, familia tofauti, na jibu limegeuka.

Sikumaliza hapo. Nilirudi mara tatu kwenye mwinuko ule. Asubuhi, kuona watoto wanapita wapi kwenda shule na kama wanavuka barabara kubwa. Hawavuki. Wakati wa mvua, kuona maji yanakwenda wapi. Na usiku saa tatu, kuona kama mama anaweza kutembea. Taa ziko chache, lakini maduka yanafungwa kwa kuchelewa na watu wapo. Nilikaa na akina mama kwenye bomba nikawauliza nani anaumwa sana, nani anaibiwa, choo kinajaa lini. Akina mama wa bombani hawadanganyi, hawana cha kukuuzia.

Juu ya shule, niwaambie wazi. Elimu ya msingi katika shule za serikali haina karo tangu mwaka wa 1997, na watoto wa wakimbizi wanapokelewa. Lakini nguo ya shule, chakula cha mchana, vitabu na mitihani, mzazi analipa, na Kampala vinapanda. Ingia mwenyewe kwa mwalimu mkuu, uulize pesa yote ya muhula, si karo peke yake. Tena masomo ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyetoka Kongo karibuni na Kifaransa chake huenda akarudishwa madarasa ya chini. Asichekwe nyumbani, atapanda tena.

Na hospitali. Mulago kuna kliniki ya watoto wa SS, lakini iko ng'ambo ya pili ya mji. Kwa dharura, upande wa Makindye kuna hospitali ya serikali ya Kiruddu. Nilimwuliza kijana wa boda boda, "Saa nane ya usiku, mtoto anaumwa, utanipeleka?" Akasema atanipeleka, lakini bei ya usiku ni mara mbili. Nikaandika namba yake. Nikaandika na namba ya mwenzake.

Niliporudi, yaya alisoma daftari lote bila kusema. Aliuliza jambo moja tu, "Hiyo miezi mitatu ya kwanza, wanataka yote kwa mpigo?" Nikasema ndiyo, 600,000, kama kule Goma wanavyoomba garanti, na apewe risiti mbele ya mwenyekiti. Akafunga daftari. Pesa ya mbuzi iliyobaki haikufika hata nusu ya mwezi mmoja.

Tukaongea mpaka makala yakazimika. Tuliamua hivi: hawahami sasa. Anashona mpaka Desemba na kuweka pesa. Muhula wa kwanza ukianza Februari, atatangulia na mgonjwa na yule mdogo. Mkubwa atabaki na mimi huku amalize P.5, na shamba lisipotee. Mkubwa amelia, anataka kwenda. Mimi pia sijui kama tumeamua vizuri kumwacha. Lakini familia iliyohama yote mara moja na kukosa, nimeiona Katwe kwa macho yangu, na haina pahali pa kurudi.

Ndugu wasomaji, sikuwaambia Masajja ni bora kuliko Katwe. Nimewaambia chukueni daftari. Andikeni mkate kwanza, halafu kodi, maji, nauli, shule na hospitali ya usiku. Tumeni mtu mmoja aone kabla ya kutuma watoto. Msilipe mtu msiyemjua kwa mwenyekiti.

Kuna wengine wanaosema Mbarara ni karibu na bei yake ni ya chini kuliko Kampala. Aliyekaa huko na familia atuandikie toleo lijalo, na hesabu yake aweke. Yaya naye anangoja kusoma.

Mwalimu wenu wa kujitolea, P.4.