Kabati la viatu lilivyoniumbua Kintinku

Leo nina langu la moyoni. Nyie mnaonunua fanicha ili watu waone, kaeni mkao wa kusoma, maana mwenzenu nimeshaumbuka.

Kwetu ni Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenye Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Tabora 1912. Kiangazi ni vumbi tupu. Mvua zikianza, vumbi linageuka tope la mbuga, linanata kwenye kiatu kama ugali mkavuni.

Mlangoni kwa mama palikuwa na kila kitu: majembe mawili, mabuti ya mvua, ndoo, baiskeli ya marehemu baba na kandambili za kila umri. Miaka yote sikuona tatizo.

Sasa mimi naishi Dar, Sinza, chumba na sebule. Mchumba wangu aliposema wazee wake wanakwenda kwetu kuleta posa, jambo la kwanza kunijia kichwani halikuwa chakula. Ni ule mlango. Nikaona aibu, jamani. Wakwe watarajiwa waingie kwa kuruka majembe?

Nikapita Keko kwa mafundi wa fanicha, bei ya mbao ya kweli ikanishinda. Nikaishia kwenye duka moja, nikanunua kabati la viatu jeupe, milango miwili, linameremeta. Kumbe halikuwa mbao, ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Nikalisafirisha kwenye buti la basi, tukaliunga pale nyumbani, mimi mabega juu. Mama akasema tu, "Asante mwanangu, zuri." Nikarudi zangu mjini.

Wageni walikuja Januari, mvua imechachamaa. Mjomba wa mchumba wangu, mzee wa heshima zake, akaanza kuvua viatu kizingitini. Nikawahi: "Mjomba, weka humu." Akavuta mlango wa kabati, ukabaki mkononi! Kabati lilishanyonya tope na maji ya deki, limevimba kama andazi. Mzee akainama kuchungulia, nge akatoka mkia juu. Mjomba aliruka hadi uani na soksi zake. Watu walicheka mpaka machozi, mimi natamani ardhi ipasuke. Na ndani hamkuwa na kiatu hata kimoja.

Usiku nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambiaje, na ulikileta kitu chako kwa furaha? Lakini mwanangu, magoti yananiuma, siwezi kuinama kwenye giza lile. Na huku kiatu lazima ukikung'ute ndo uvae, umesahau? Lile kabati uliwanunulia wageni."

Nilinyamaza. Magoti yalikuwa yanamsumbua mwaka wa pili, na mimi, mtoto wake, sikuwa nimeuliza. Nilikwenda na futi kupima ukuta, mama mwenyewe sikumpima.

Pasaka nikarudi, safari hii nikaenda na mama kwa fundi wa pale pale. Akamkalisha, akampima kutoka kisigino hadi goti. Likatoka benchi la mninga, mbao ambayo mchwa hawaiwezi kirahisi. Kimo sentimita 45, anakaa na kunyanyuka bila kushika ukuta. Kina sentimita 30, kiatu cha mtu mzima kinaenea. Chini kuna rafu moja ya fito, wazi mbele na nyuma, tope likikauka linadondoka na nge hana pa kujificha. Miguu imeinua rafu sentimita 15 kutoka sakafuni, ufagio unapita. Ukutani zikapigwa vigingi vya mwavuli na majembe. Pesa nililipa kwa mafungu mawili, sioni haya kusema.

Basi ndugu yangu wa mjini, kabla hujaingia dukani, simama mlangoni kwako asubuhi moja na jioni moja. Tazama nani anaingia, ameshika nini, nani hawezi kuinama, maji yanatokea wapi. Ukiwa na ujia mwembamba kama wangu wa Sinza, rafu ya kutundika ukutani inatosha. Ukiwa na mtoto, mwekee ngazi ya chini. Rangi ije mwisho.

Wakwe? Walirudi kuleta mahari. Yule mjomba alikaa kwenye benchi, akavua viatu taratibu. Wakati wa kuondoka akavikung'uta, kimoja kimoja, huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Mama ndiye aliyecheka kwanza.

Baiskeli ya baba bado ipo pale pale mlangoni. Hiyo hatukuitafutia kabati.

Tukutane wiki ijayo.