Kambi Ufukoni: Likizo Ambayo Mama Naye Atapumzika

Likizo nyingi za familia humpumzisha kila mtu isipokuwa mama. Nyumba hufungwa, mizigo hupakiwa, watoto huimba njia nzima. Kisha mkifika, mama huuliza jiko liko wapi. Siku ya kurudi yeye ndiye aliyechoka kuliko wote. Hiyo si likizo, ni jiko lililohamishwa.

Mwaka huu familia yetu ya watu saba, yaani baba, mama, nyanya na watoto wanne, tunapanga kupiga kambi ya siku sita Watamu, katika pwani ya Kenya. Sisi ni watu wa bara, wa Nairobi. Watoto wetu wawili wadogo hawajaiona bahari. Twawashirikisha wasomaji mipango yetu, hasa akina mama wanaoitamani safari kama hii lakini wanahofia maji, gharama na kazi.

Kwa nini Watamu

Watamu iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, karibu na Malindi. Ufuko wake haukunyooka. Majabali ya matumbawe yameukatakata ukawa ghuba ndogo ndogo zenye mchanga mweupe, na mbele yake mwamba huvunja nguvu ya mawimbi makubwa. Maji ya huko yamehifadhiwa kama mbuga ya taifa ya baharini tangu mwaka 1968.

Tutapanda treni hadi Mombasa, kisha matatu ya kwenda Malindi, na kushuka Gede. Hapo pana magofu ya mji wa kale wa Waswahili, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kutoka Gede hadi Watamu ni mwendo mfupi tu wa gari.

Kalenda ya bahari kwanza

Sisi wa bara huchagua tarehe kwa kutazama kalenda ya shule. Anayekwenda baharini hana budi kutazama pia upepo na mwezi.

Likizo ya Aprili tumeiacha kwa sababu ya mvua za masika. Hema lililolowa ni mateso. Ya Agosti nayo hukuta upepo wa kusi, na bahari huchafuka. Desemba kaskazi huwa imeanza, maji ni safi na yenye joto. Lakini hatutakwenda wiki ya Krismasi, kwa sababu nauli na bei za malazi hupanda. Tutakwenda mapema kidogo.

Kisha mwezi. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika pwani yetu huweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Katikati ya bamvua mbili ni siku za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na mikondo ni mipole.

Kwa hiyo tumechagua kufika wakati wa maji mafu na kuondoka bamvua inapokaribia. Siku za kwanza wadogo watajifunza kuoga ghubani maji yakiwa matulivu. Siku za mwisho, maji yakipwa sana, tutatembea juu ya mawe tuone samaki wadogo na kaa katika madimbwi.

Hapo ndipo penye hatari. Viko visiwa vidogo vya mawe vinavyofikika kwa miguu maji yakipwa. Mtu akisahau saa, maji hurudi na kumzingira. Kanuni yetu ni moja: maji yakianza kujaa tu, wote twarudi pwani, hata kama kuna aliyeona pweza. Tena hakuna mtoto atakayeingia majini bila mtu mzima aliye majini pamoja naye. Kuwatazama kutoka mkekani hakutoshi.

Hema litasimama wapi

Si kila ufuko unaruhusu hema. Tutapiga simu mapema kuulizia uwanja wa kambi wenye choo, maji na mlinzi. Vitambulisho na vyeti vya watoto vya kuzaliwa tutavibeba, maana kiingilio cha mbuga kwa raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Hata uwanjani, tutatazama mstari wa mwani mkavu na makombe ulioachwa na bamvua iliyopita, tukae juu yake kabisa. Usiku tochi hatutazielekeza baharini. Kasa hupanda ufuko huo kutaga mayai, na vifaranga wao hupotezwa na mwanga. Makombe na matumbawe tutayaacha yalipo. Kuyachukua ni marufuku. Kuni za mikoko pia hatutakata. Tutapikia jiko dogo la gesi.

Wiki mbili kabla ya safari tutalala usiku mmoja hemani nyuma ya nyumba. Zipu iliyoharibika ni afadhali igunduliwe nyumbani.

Zamu za kazi

Tulikaa mezani jioni moja tukaandika kila kazi ambayo mama huifanya bila kuambiwa. Zilijaza ukurasa. Baba watoto aliusoma wote kimya, kisha akachukua kalamu akaandika jina lake penye chakula cha jioni, siku zote sita. Baada ya hapo watoto hawakuwa na la kusema.

Kifungua kinywa hatutapika. Tutanunua mahamri na mbaazi kwa akina mama wa kijijini, na pesa zetu zibaki pale pale. Mchana ni matunda, mayai ya kuchemsha na mkate. Jioni ni wali na samaki wa wavuvi. Wavulana wataosha sufuria, wasichana watateka maji. Tukihesabu lita 3 za kunywa kwa kila mtu, twahitaji dumu la lita 20 na zaidi kila siku. Nyanya amejitwalia kazi ya kutunza saa za maji, na karatasi yake ameshaichora.

Kila alasiri mama atakuwa na saa mbili zake. Hakuna atakayemuuliza chumvi iko wapi.

Afya na heshima

Pwani ina malaria. Kila mtu atalala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na kabla ya safari tutamwuliza daktari kuhusu dawa za kinga. Mtu akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe mara moja na aseme kwamba alikuwa pwani.

Kila mtoto atavaa raba majini, kwa ajili ya mawe na viumbe wenye miiba. Jua la saa sita tutaliepuka chini ya miti. Na tukienda kijijini tutajifunga leso na kuvaa mashati. Nguo za kuogea ni za baharini.

Msomaji mpendwa, pengine pwani ni mbali nawe, na kwenu kuna ziwa au mto. Mipango ni ile ile: yajue maji kabla ya kuyaingia, na kaeni mezani mwandike kazi za mama. Ukurasa ukijaa, kila mmoja achukue kalamu.