Reli Ilikopita na Ilikokwepa

Maji yakipwa Bagamoyo, bahari husogea mbali na mashua hubaki zimelalia ubavu mchangani. Wachukuzi hukunja suruali na kuingia majini kuifuata mizigo. Wageni wanaipenda sana pwani ile, na wana haki, maana ni nzuri. Ila uhaba wa kina chake ndio ulioamua riziki za watu waliozaliwa hapo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nilianzia huko kwa makusudi. Nilitaka kuifuata njia ya kale ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, nione nani alibaki njiani na nani aliachwa kando. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, na watumwa walifikishwa hapo kwa minyororo. Majahazi ya Zanzibar hayakuhitaji kina kirefu, kwa hiyo mji ulinawiri. Wajerumani nao wakaufanya makao yao makuu. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kilomita kama 70 kusini, kwa sababu meli za mvuke zilitaka bandari yenye maji marefu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulipoanza mwaka 1905, ulianzia huko Dar es Salaam. Bagamoyo haikupata hata tawi.

Watu wa Bagamoyo hawakuwa wavivu kuliko wenzao wa Dar es Salaam. Walikuwa na misikiti, maghala, mafundi, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Walichokosa ni kina cha maji, na hakuna juhudi ya mtu mmoja mmoja inayoweza kukichimba.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni ya SGR, reli mpya ya kisasa iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti 2024. Ni safari ya raha: umeme, viti safi, na chini ya saa nne uko makao makuu ya nchi. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, kisha Morogoro. Madirisha hayafunguki na njia yote imezungushiwa uzio. Vijiji vinapita vikiwa kimya nyuma ya kioo. Abiria anayewahi kikao Dodoma ameokoa siku nzima, nami sitaki kuibeza faida hiyo. Mama aliyekuwa akiuza ndizi na mayai ya kuchemsha kwenye stesheni ndogo ya zamani, yeye hana tena pa kuunyooshea mkono wake.

Dodoma yenyewe ni mfano wa mji ulioinuliwa na uamuzi wa mahali. Mwaka 1973 ilichaguliwa kuwa makao makuu kwa kuwa iko katikati ya nchi. Kwa miongo mingi uamuzi ule ulibaki makaratasini zaidi, hadi wizara zilipohamia kweli katika miaka ya karibuni, na bei ya viwanja ikapanda pamoja nazo. Mkulima aliyekuwa na shamba la mtama pembezoni alijikuta ana mali ya mjini. Hakuwa amebadilisha chochote shambani mwake.

Hapo nikahamia treni ya reli ya zamani kuelekea magharibi. Mwendo ni wa taratibu, madirisha yamefunguliwa, watoto wamelala juu ya mizigo. Stesheni ya Saranda ndipo safari iliponifundisha zaidi. Kabla magurudumu hayajasimama, kina mama walikuwa wameshapanga sufuria na mabeseni kando ya reli: ugali, kuku, nyama, chai. Watu wanakula wima, wanapokezana sahani kupitia madirishani, chenji inarushwa. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akikunja kitambaa chake baada ya kuuza. Akaniambia, "Mwanangu, hapa tunahesabu kwa treni. Ikisimama, watoto wanakwenda shule. Ikipita moja kwa moja, tunakula wenyewe tulichopika."

Sina ninachoweza kuongeza kwenye maelezo yake. Dakika za kusimama, ambazo kwa mpanga ratiba ni hasara, kwa kitongoji kizima ni mshahara.

Tabora ilipata bahati ya aina nyingine. Reli iliifikia mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, hivyo mji ukawa njia panda ya nchi. Shule ya serikali iliyokuwa hapo ilipokea vijana kutoka pande zote. Mwaka 1937 alifika kijana wa miaka 15 kutoka Butiama, Julius Nyerere, baada ya kusoma Mwisenge, Musoma. Akili alikuwa nayo tangu kwao. Lakini ni vijana wangapi wa rika lake wenye akili kama ile walizaliwa mahali ambapo hakuna shule, meli wala reli ya kuwafikisha popote? Swali hilo lilinikaa kichwani usiku kucha, treni ikikata miombo kuelekea Kaliua.

Kigoma ndiko reli inakoishia, tangu mwaka 1914. Mafundi waliichagua ghuba yake iliyojikinga na mawimbi, na vipande vya meli iliyokuja kuitwa Liemba vikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapo. Ujiji ni kilomita chache tu kusini. Ulikuwa mji mkubwa wa ziwa, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, soko la chumvi, mafuta ya mawese na pembe. Reli haikufika huko. Leo wanafunzi hupelekwa kuona makumbusho, na vijana wa Ujiji hupanda daladala kila asubuhi kwenda kutafuta kibarua Kigoma.

Sasa reli mpya inajengwa kuelekea Kigoma hiyo hiyo. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa mwaka 2022. Stesheni zitakuwa chache kuliko za zamani, jambo linaloeleweka kwa treni ya mwendo kasi. Hata hivyo, kila alama inayowekwa kwenye ramani inagawa riziki ya vizazi, na wanaoiweka wanalijua hilo zaidi ya Wajerumani walivyolijua. Basi wahandisi na halmashauri wakae na kina mama wa Saranda na wenzao kabla zege halijamwagwa: watenge eneo la soko ndani ya uzio wa kila stesheni, wajenge barabara ya daladala hadi vijiji vilivyorukwa, na wabakize treni ya zamani inayosimama kila mahali. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya reli yenyewe.