Miti Tuliyoinyima Kiu

Mwaka jana sisi vijana 12, wengi tumetoka upande wa Beni, tulikodi shamba la kahawa karibu na Bwera. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Kazi yangu ni ya vijana, na nilikuwa nimechoka kuwaona wamekaa tu.

Januari jua likawa kali, tukaihurumia ile miti. Kila jioni tulibeba jerikeni kutoka mto Lhubiriha, tukamwagilia. Kwa majirani majani yalilegea. Kwetu yalibaki kijani. Tukajisifu kabisa.

Machi mvua ikanyesha. Baada ya siku kama kumi, mashamba ya majirani yakawa meupe, harufu tamu mpaka barabarani. La kwetu? Ua hapa, ua pale.

Mzee jirani akaja kutazama. Akasema, "Wanangu, mmeinyima kiu." Akatueleza: wakati wa kiangazi matumba ya kahawa yanalala. Kiu inayafanya yangojeane, halafu mvua ya kwanza inayaamsha pamoja. Ukimwagilia kidogo kidogo, kila tumba linaamka kivyake. Mavuno yetu yalilipa nusu tu ya kodi. Ile nusu nyingine bado tunadaiwa.

Nilimsimulia mfanyakazi mmoja wa msaada, mtu wa Ulaya. Akasema kwao kazi hiyo inafanywa na baridi. Aina nyingi za tufaha zinahitaji karibu saa 1,000 za baridi, chini ya nyuzi 7, ndipo joto likija zichanue vizuri. Sisi tuko karibu na ikweta. Theluji tunaiona kule juu Rwenzori tu. Kwetu, kiangazi ndicho kinachofanya kazi ya baridi.

Halafu akaongeza, "Basi hata nyinyi vijana, shida zinawaandaa."

Siku ile nilinyamaza. Namjibu hapa: kiu peke yake haifungui ua. Mti unavumilia miezi miwili, mitatu, kisha lazima mvua ije. Kiangazi kikizidi, matumba yanakauka. Kuna kijana wetu anangoja kurudi shule mwaka wa tano sasa. Hicho si kiangazi cha kuandaa maua.

Januari hii hatukumwagilia. Niliona majani yakilegea, nikajizuia. Ila kwa yule kijana sikujizuia: nimemwandikia barua tatu za kuomba nafasi ya shule.

Mvua ya kwanza imenyesha Jumanne. Tunahesabu siku. Barua bado hazijajibiwa.