Kutoka Kisutu Hadi Mlali: Ngoma Mbili za Akina Mama

Ndugu msomaji, iwapo umepata kupita Kisutu, Dar es Salaam, usiku wa Septemba au Oktoba, huenda umesikia makofi na nyimbo kutoka mahekalu ya Wahindu. Hiyo ni Navaratri, yaani sikukuu ya usiku tisa, ipendwayo mno na watu wenye asili ya Gujarati. Wanaume nao hucheza, lakini wenye shughuli hasa ni akina mama. Humsifu mungu wa kike Durga, aliyemshinda adui mwenye umbo la nyati, na huzunguka katika ngoma iitwayo garba. Katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa. Jina hilo limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi: chungu ni mama, taa ni uhai. Mwaka 2023, mkutano wa UNESCO uliofanyika Botswana uliiingiza garba katika orodha ya urithi wa binadamu.

Binti yangu aliijua ngoma hiyo kabla hajatimiza miaka kumi, kwa hisani ya jirani yetu. Nilijivuna. Kisha, Oktoba moja, nikampeleka Mlali, wilayani Kongwa, kwa bibi yake.

Safiri nasi. Ukishaipita Gairo, upepo hukausha midomo. Tunaiacha barabara kuu ya Dodoma na kuingia katika vumbi. Mibuyu haina majani. Mashamba ya mtama na uwele yamebaki mabua. Mvua hungojwa mpaka karibu na Desemba. Kule Gujarati usiku tisa huja mvua zikiisha. Huku huja watu wakiwa bado wanatazama mawingu.

Jioni bibi akawaita wenzake, wakatoa ngoma za muheme. Kwa Wagogo, wapigaji wa muheme ni akina mama: ngoma nyembamba kiunoni hubanwa mapajani na kupigwa kwa viganja. Binti yangu hakujizuia. Akaanza kuzunguka kwa hatua za garba. Vigelegele vikapaa, na mama mmoja akamfuata nyuma akiiga.

"Nani kakufundisha, mjukuu wangu?" bibi akauliza.

"Mama yake rafiki yangu, bibi. Kila mwaka humfundisha mwanawe, nami pia."

Bibi akanigeukia. "Nawe mwanangu, umemfundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Mikono yangu iliwahi kuujua mdundo ule. Niliuacha kituo cha basi siku niliyokwenda mjini kutafuta kazi.

Bibi hakunigombeza. Alimkalisha mtoto na kumwekea ngoma mapajani. Usiku wa kwanza viganja vilimwaka moto. Usiku wa nne akaushika mdundo mmoja, mmoja tu, na akina mama wakaimba juu yake.

Msomaji, sisi wafanyakazi wa mijini twaona fahari watoto wetu wakialikwa kwa jirani, na ni jambo jema. Lakini mgeni mwema huja na chake mkononi. Tuliporejea, jirani alimwuliza binti yangu ameleta nini kutoka Mlali. Mtoto akaichukua ndoo yetu ya maji, akaipindua, akaketi, akaibana mapajani.